Bei ya Kuuliza

Mtazame mwanaume anayetaka kununua gari lililotumika. Atamuuliza dalali limetembea kilomita ngapi, liliwahi kugongwa wapi, rangi ni ya kiwandani au imepigwa gereji. Atampigia fundi wake, atampigia shemeji anayefanya kazi bandarini, atakaa kijiweni jioni nzima kusikiliza habari za gia na ulaji wa mafuta. Akifika nyumbani ataendelea kusoma kwenye simu hadi usiku wa manane. Haoni haya hata kidogo. Anajiona mtu makini. Sasa mkojo uanze kumsumbua mwanaume huyohuyo, awe anaamka mara nne usiku na unatoka kwa kusuasua. Mwaka utapita hajamuuliza mtu. Ikimzidi, ataingia duka la dawa giza likishaingia, atajifanya anachagua miswaki mpaka wateja wengine watoke, kisha atamnong'oneza muuzaji kwamba kuna rafiki yake ana tatizo.

Kwa hiyo usemi kwamba wanaume hawaulizi si wa kweli, walau si kwa namna tunavyousema. Tunausema kwa utani, kuhusu dereva aliyepotea njia akakataa kushusha kioo amuulize muuza mahindi. Tunausema kwa uchungu pia, hasa msibani, mjane anaposimulia jinsi marehemu alivyogoma kwenda hospitali. Na wanawake nao tunawapa lao: wanauliza mno, hawawezi kukaa na jambo, ndivyo walivyoumbwa. Watafiti wa tiba, saikolojia, uchumi na kilimo wamelipima jambo hili kwa miongo kadhaa, na wanachokikuta kinaharibu semi zote mbili. Kuuliza kuna bei yake. Bei hiyo si moja kwa mwanaume na mwanamke, wala si moja kila mahali. Hamisha mahali pa kuulizia, na aliyekuwa kimya anaweza kuwa ndiye msemaji.

Tuanzie kwa daktari, maana huko ndiko takwimu zilikojaa. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za vituo 446 vya madaktari wa familia, zenye wagonjwa zaidi ya milioni 3.7, kwa mwaka mmoja wa 2010. Kiwango cha wanaume kumwona daktari kilikuwa chini ya kile cha wanawake kwa asilimia 32. Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kwenda kuandika kichwa cha habari. Hawa waliendelea kuchambua kwa umri. Utotoni na uzeeni wanawake hawakuwa na mahudhurio ya ziada. Mtoto hupelekwa, na mzee amekwisha kuzoea njia ya hospitali. Pengo kubwa lilikuwa kati ya miaka 16 na 60. Sehemu yake ilitokana na uzazi, yaani ujauzito, uzazi wa mpango na vipimo vinavyoambatana navyo, lakini uzazi haukulieleza pengo lote. Ndipo walipolinganisha wanaume na wanawake wanaotumia dawa za maradhi yanayofanana, na sehemu kubwa ya tofauti ikatoweka.

Hapo inafaa kusimama kidogo. Mwanaume aliyekwisha kupewa jina la ugonjwa wake, faili, dawa na tarehe ya kurudi anahudhuria karibu sawa na mwanamke. Kinachomshinda ni mlango wa kwanza. Bila shaka ulinganisho huo una tundu: waliokataa kabisa kuja hawamo kwenye orodha ya wanaotumia dawa. Hata hivyo unatuambia kwamba tatizo si moyo wa kiume uliojengwa kwa zege. Mapitio mengine ya tafiti, yaliyotolewa 2011 na baadhi ya watafiti haohao, yaliangalia maumivu ya mgongo na ya kichwa na kuuliza kama wanawake wenye maumivu hayo hukimbilia daktari kuliko wanaume. Ushahidi, hasa wa mgongo, ulikuwa dhaifu na wa kupingana. Mgongo hauna aibu. Mwanaume anaweza kusema mbele ya watu kumi kwamba mgongo umemkamata, na wote wakaona kwamba amefanya kazi.

Siwezi kusema maumbile hayana neno. Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani Shelley Taylor na wenzake walitoa hoja kwamba mwanamke akipatwa na msongo mwili wake humsukuma kuwatunza walio karibu na kutafuta wenzake, na kwamba homoni ya oksitosini ina mkono katika hilo. Miaka miwili baadaye watafiti wengine walikusanya tafiti nyingi kuhusu namna watu wanavyokabili shida na kuzijumlisha. Waliona kweli kwamba wanawake hutafuta faraja ya watu kuliko wanaume. Ila tofauti zilikuwa ndogo, na wanawake waliripoti kutumia zaidi mbinu nyingi kwa jumla, si ile ya kuzungumza tu. Tofauti ndogo namna hiyo haitoshi kueleza kwa nini mtu mmoja anauliza maswali hamsini kuhusu gari na hana hata moja kuhusu kibofu chake.

Walioligeuza swali vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Michael Addis na James Mahalik, katika makala waliyoichapisha 2003 kwenye jarida la wanasaikolojia wa Marekani. Waliacha kuuliza wanaume wakoje. Waliuliza mwanaume huyu, mwenye tatizo hili, mahali hapa, anaona nini mbele yake. Je, anadhani tatizo lake linawapata wanaume wenzake, au anajiona yuko peke yake? Je, linagusa kile anachokihesabu kuwa ndicho yeye mwenyewe? Je, atakuwa na nafasi ya kurudisha fadhila kwa anayemsaidia? Wenzake wakijua watasemaje? Na akijikabidhi mikononi mwa mwingine, atapoteza nini?

Chukua maswali hayo ukae nayo kijiweni. Gari haligusi utu wa mtu. Kila aliyekaa pale aliwahi kuuziwa bovu, kwa hiyo muulizaji hayuko peke yake. Leo unanieleza habari za injini, kesho nitakueleza habari za viwanja. Hakuna anayebaki na deni. Wenzake wakisikia anauliza, watamwona mjanja asiyeingizwa mjini kirahisi. Bei ya swali ni sifuri, pengine hata analipwa heshima.

Kibofu ni habari nyingine. Anadhani ni yeye tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kulitaja. Ukweli ni kwamba takriban nusu ya wanaume wenye umri wa miaka 50 hadi 60 huwa tezi dume yao imekwisha kuanza kutanuka, na kutanuka huko si saratani, kuna dawa zake. Ila dalili zinaweza kufanana na za saratani, na kwa kuhisi tu mtu hawezi kuzitofautisha; anahitaji kupimwa. Taarifa hiyo yenyewe ingeshusha bei ya swali lake kwa kiasi kikubwa, lakini anaipataje bila kuuliza? Tena tatizo linakaa mahali ambapo ndipo amefundishwa kwamba uanaume wake umewekwa. Kwa daktari hana cha kurudisha. Atavua suruali mbele ya kijana wa umri wa mwanawe, atajibu badala ya kuuliza, ataambiwa subiri pale. Tangu ana miaka mitano ameambiwa ajikaze, mtoto wa kiume halii. Sasa leo tunamshangaa kwa kutii.

Wala woga wake si wa kuota. Mwaka 2015 Ashleigh Rosette na wenzake wawili walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu viongozi kazini wanaoomba msaada. Kiongozi mwanaume aliyeomba alionekana mwenye uwezo mdogo kuliko mwanaume asiyeomba. Kiongozi mwanamke hakukatwa alama namna hiyo. Maana yake ni kwamba bei inatozwa kweli, na wanaotoza ni sisi tunaotazama. Mwanamke anayemcheka mumewe kwa kuuliza njia, kijana anayemwita mwenzake dhaifu kwa kwenda kupima, bosi anayemwona mhasibu wake hajui kazi kwa sababu kauliza: wote ni wakusanya ushuru.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema wanawake wana nafuu. Basi tutoke hospitali tuingie ukumbini.

Mwaka 2018 Alecia Carter na wenzake walichapisha walichokiona katika semina karibu 250 za vyuo na taasisi 35 kwenye nchi 10. Ukumbini wanaume na wanawake walikuwa karibu sawa kwa idadi. Mzungumzaji akimaliza na maswali yakakaribishwa, uwezekano wa mwanaume kuuliza ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa mwanamke. Hawa ni wanawake wasomi, wenye shahada ya pili na ya tatu, waliozoea kuhoji kila kitu kwenye maandishi. Walipoulizwa kwa nini hunyamaza wakiwa na swali, walitaja kukosa ujasiri, kuogopa kwamba pengine hawakuelewa mada, na kumwona mzungumzaji ni mkubwa mno, na walizitaja sababu hizo kuliko wanaume. Ni orodha ambayo ungeweza kuipeleka kwa yule bwana wa duka la dawa naye akatia sahihi.

Kuna jambo jingine humo lililonivutia zaidi. Swali la kwanza likiulizwa na mwanaume, wanawake waliofuata walikuwa wachache zaidi. Na pale palipokuwa na nafasi ya maswali mengi, mgawanyo ulikaribia kulingana. Hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba swali la kwanza ndilo lililosababisha yote. Waliotazama walitazama tu, hawakupanga nani aanze. Lakini aliyewahi kuendesha mkutano wa kijiji au wa wazazi shuleni anajua kinachotokea: wazee watatu wa mstari wa mbele wanashika kipaza sauti, muda unaisha, halafu katibu anaandika kwamba akina mama hawakuwa na swali.

Nyuma ya ukumbi akina mama walewale wanaulizana vizuri kabisa. Wanaulizana kwenye vikoba, kwenye upatu, kisimani, kwenye foleni ya kliniki, kwenye kicheni pati ambako mambo husemwa waziwazi kuliko hospitali yoyote. Binti wa pwani hupewa somo wake, mtu mzima aliyewekwa rasmi ili aulizwe yale ambayo mama mzazi ataona haya kuyajibu. Huo ni ufundi mkubwa wa kijamii: jamii imekaa ikaona kwamba swali fulani ni ghali, ikatafuta mtu wa kulipunguza bei. Mvulana alikuwa na jando, lakini sehemu nyingi jando limebaki tohara ya asubuhi moja hospitalini, na ule muda wa kukaa na wakubwa haukurithiwa na mtu.

Mwanamke ana gharama nyingine ambayo mwanaume huijua kidogo: anaweza kutafuta elimu, akaipata, akaishika barabara, na bado asiulizwe. Nchini Malawi wachumi Ariel BenYishay, Maria Jones, Florence Kondylis na Mushfiq Mobarak walifanya jaribio katika zaidi ya vijiji 100. Kwa bahati nasibu, vijiji vingine viliteua wanaume na vingine wanawake wafundishwe mbinu mpya za kilimo, yaani kuchimba mashimo ya kupandia yanayohifadhi maji na kutengeneza mboji, kisha wawafundishe wenzao. Wanawake walijifunza sawasawa na wanaume. Wakulima waliofundishwa na wanawake walipata mavuno makubwa zaidi. Pamoja na hayo, wanawake walifanikiwa kidogo kuwashawishi wengine waige, kwa sababu wakulima waliwaona hawana uwezo na hawakuwapa masikio. Soma tena sentensi hizo. Mavuno yapo shambani, yanaonekana kwa macho, na mtu anapita kando yake kwenda kumuuliza mwanaume ambaye ushauri wake si bora.

Ni hasara ya gunia, si ya hisia tu. Huduma za ugani katika nchi zetu zimezoea kumpa habari mwenye kaya, yaani mume, kwa kuamini kwamba jioni atamsimulia mkewe. Mashariki mwa Uganda watafiti wakiongozwa na Els Lecoutere walijaribu kuwaonyesha wakulima wa mahindi video fupi: nyumba nyingine mume peke yake, nyingine mke peke yake, nyingine wote wawili. Mke alipoonyeshwa mwenyewe, maarifa yake yaliongezeka na nafasi yake katika maamuzi ya shamba ikapanuka. Habari haivuji ukutani. Apewe mhusika.

Na simu, ambayo ingepaswa kuwa mahali pa kuuliza bila kuonwa na mtu, nayo haijawafikia wote kwa mizani moja. Ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ilionyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ulikuwa chini ya ule wa mwanaume kwa asilimia 15. Kusini mwa Sahara ilikuwa asilimia 32.

Tukikubali kwamba ni suala la bei, kinachofuata ni kujua kama inashuka. Ushahidi hapa ni mzuri kuliko nilivyotarajia, na mwingi umetoka jirani.

Mwaka 2004, tena Malawi, Rebecca Thornton alifuatilia watu wa vijijini waliokubali kupimwa virusi vya Ukimwi lakini walitakiwa kurudi baadaye kuchukua majibu. Baadhi walipewa vocha ya fedha kidogo endapo wangerudi, wengine hawakupewa kitu. Waliokosa motisha walirudi asilimia 34 tu. Motisha ndogo kabisa iliyotolewa, pesa isiyotosha hata kibarua cha siku, iliongeza idadi hiyo maradufu. Tulidhani kinachowazuia watu ni hofu kuu ya kifo na unyanyapaa. Hofu ipo, lakini kwa wengi ilizidiwa nguvu na vijisenti. Nadhani vijisenti vile vilifanya na kazi nyingine: vilimpa mtu sababu ya kusema. Ukikutwa njiani unasema unafuata hela.

Jaribio lililonikaa kichwani zaidi ni la Kisumu, lililofanyika 2015 na kuchapishwa mwaka uliofuata. Samuel Masters, Kawango Agot, Harsha Thirumurthy na wenzao waliwapata wanawake 600 waliokuwa wakihudhuria kliniki za wajawazito na za baada ya kujifungua. Nusu walipewa barua ya kumwalika mwenza aje kupimwa VVU, utaratibu uliozoeleka. Nusu nyingine walipewa vifaa viwili vya kujipima, vile vya kupaka kwenye fizi, pamoja na maelezo ya namna ya kuvitumia, waende navyo nyumbani. Katika miezi mitatu, wanawake wa kundi la barua walieleza kwamba wenza asilimia 51.7 walipimwa. Kundi la vifaa: asilimia 90.8. Waliopima pamoja kama wawili waliongezeka kutoka asilimia 33.2 hadi 75.4.

Wanaume wa makundi yote mawili walikuwa wa aina ileile. Mji mmoja, uanaume mmoja, hofu moja. Kilichobadilika ni kwamba kundi moja lilitakiwa kuomba ruhusa kazini, kupanda gari, na kukaa kwenye benchi katikati ya wajawazito huku kila anayepita akijua wamefuata nini. Kundi lingine lilipimwa chumbani, saa waliyotaka, mbele ya mtu mmoja. Kuna tahadhari ya kuweka: majibu yalisimuliwa na wanawake wenyewe, na si kila nyumba ni salama kwa mke kuingia na kifaa cha namna hiyo mkononi. Hata ukipunguza kiasi kwa ajili ya hayo, pengo ni kubwa mno kupuuzwa. Tanzania ilianzisha kampeni ya Furaha Yangu mwaka 2018 ikiwalenga hasa wanaume, na mwaka 2019 Bunge lilirekebisha sheria kuruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kampeni ilimwambia mwanaume aje. Sheria ilimwezesha kupima bila kuja. Kwa ushahidi wa Kisumu, mimi ningeweka fedha zangu nyingi kwenye hiyo ya pili.

Tukumbuke pia ni nani aliyepewa mlango wa hospitali. Mwanamke hupata kadi ya kliniki anapobeba mimba ya kwanza, na tangu hapo anapimwa presha, damu na uzito, anaulizwa maswali, anapewa tarehe. Wauguzi wanamjua kwa jina la mtoto. Kijana wa miaka 25 asiyeumwa hana kadi yoyote, hana tarehe, hana nesi anayemjua. Tumemjengea mmoja njia kisha tunamsifu kwa kuipita. Na pale ambapo tumejaribu kumvuta mume kwa nguvu, matokeo yamekuwa ya ajabu: katika baadhi ya zahanati zetu mjamzito asiyekuja na mwenza huambiwa akachukue barua kwa mwenyekiti. Kosa la asiyekuja linalipwa na aliyekuja.

Zimbabwe inatupa somo la namna hiyohiyo. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Mbare, Harare, benchi la urafiki: bibi wa mtaa aliyepewa mafunzo anakaa kwenye benchi katika eneo la kliniki, na mwenye mawazo mazito anakaa naye kuzungumza. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ni moja ya kazi zinazoweza kulitia bara hili fahari. Lakini tazama waliokuja: kati ya washiriki 573, wanawake walikuwa 495. Wakati huohuo makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, kwa dunia nzima, yalikuwa vifo 12.6 vya kujiua kwa kila wanaume 100,000, na 5.4 kwa wanawake. Wanaohitaji benchi zaidi hawakulifikia. Lilikuwa kliniki, mchana, na aliyekaa pale ni bibi. Kwa mwanamke hizo ni sifa tatu. Kwa mwanaume ni bei tatu.

Los Angeles walikwenda kinyume: walimfuata mwanaume alikokaa. Wamarekani weusi wanaume wanaongoza nchini mwao kwa kufa kutokana na presha ya kupanda, na wengi hawamwoni daktari mara kwa mara. Kinyozi wanamwona. Daktari Ronald Victor na wenzake walichukua saluni 52 za watu weusi na wateja wa kudumu 319 waliokuwa na presha ya juu ya 140 au zaidi. Katika saluni za kundi moja kinyozi aliwahimiza wateja wakamwone daktari na kubadili mwenendo wa maisha. Katika saluni za kundi la pili mfamasia alikuja palepale, akapima, akaandika dawa kwa makubaliano na madaktari, akafuatilia. Baada ya miezi 6 kundi la kuhimizwa lilikuwa limeshuka kwa wastani wa pointi 9.3. Kundi la mfamasia: pointi 27. Waliofikia chini ya 130/80 walikuwa asilimia 11.7 upande mmoja, 63.6 upande wa pili. Matokeo yalitoka mwaka 2018.

Ninachokipenda ni kwamba hata kundi la kwanza lilishuka. Kinyozi kusema tu kulisaidia, maana anayesema ni mtu anayeshika wembe shingoni mwako na hajawahi kukukata. Lakini kumwambia mtu aende kuuliza mahali pengine ni kumwachia bei ileile. Kumletea mwenye jibu kwenye kiti alichokwisha kukikalia ni kuifuta.

Haya yote yanaweza kufanyika kwetu bila kusubiri mfadhili. Saluni za kiume zimejaa kila mtaa, na Jumamosi watu hukaa humo saa mbili wakingoja zamu. Mashine ya presha ya mkononi si ghali kama tunavyodhani, na kupima ni dakika chache. Waganga wakuu wa wilaya, mna wahudumu wa afya ngazi ya jamii: wapangieni saluni, gereji, vituo vya bodaboda na mialo ya samaki, jioni na wikiendi, si zahanati asubuhi peke yake. Maafisa ugani, mkija na mbegu mpya mwiteni na mke, na mkitafuta wakulima wa mfano teueni wanawake kisha simameni nao hadharani mpaka kijiji kiwazoee. Na wewe mwenyekiti wa kijiji, kipaza sauti cha kwanza mpe mama aliyekaa nyuma, na usifunge maswali mpaka wengine watano wameuliza.